Hasira Iliyoanzia Puani

Wenzake kazini walimwita Pasi. Mgeni angedhani ni kwa sababu alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia, lakini jina lilimpata kwa sababu ukimgusa vibaya ulikuwa unaungua. Mwenyewe alilijua, na kwa muda mrefu alilivaa kama cheo.

Chumba chenyewe kilikuwa chini kabisa ya jengo. Hakikuwa na dirisha. Upande mmoja zilisimama mashine za kufua na kukausha, upande wa pili meza ndefu za kukunjia. Humo yaliletwa mashuka ya hoteli kadhaa na ya hospitali ya jirani. Ya hoteli yalinuka jasho, manukato na pombe iliyomwagika. Ya hospitali yalinuka kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kukitoa, na yakishakaa kwenye mfuko kutwa nzima katika lile joto, uvundo wake uliganda kooni kama mafuta baridi.

Pasi alikuwa na kinyaa. Hilo watu hawakulijua, maana nani angemdhania, kwa kazi ile? Nyumbani hakunywea kikombe kilichoguswa na midomo ya mtu mwingine, hata kioshweje. Akiukuta unywele kwenye sabuni, sabuni nzima inakwenda jalalani. Kazini alipumua kwa mdomo na kutoa amri kwa kufoka, na siku ikipita bila kumfokea mtu alijihisi kama hajaoga.

Aliyefokewa zaidi ya wote alikuwa mkunjaji mmoja, binti waliyemwita Njiti kwa wembamba wake. Alikuwa mama wa mtoto mdogo, mpole, si mtu wa kujibizana. Siku hiyo watu walikuwa pungufu, kwa hiyo Njiti alikuwa anakunja na papo hapo anafungua mifuko. Akauchukua mfuko mmoja akidhani una mashuka yaliyotoka kwenye mashine ya kukausha, akaumwaga juu ya meza, juu ya foronya nyeupe zilizokwisha pigwa pasi.

Lilianguka shuka la chumba cha upasuaji. Katikati lilikuwa na damu nyeusi, na pembeni utelezi wa kijani ambao hakuna aliyetaka kujua umetoka wapi.

"Hivi hayo ni macho au vifungo vya shati?" Pasi alifoka.

"Samahani dada, mifuko yote inafanana, mimi nilidhani..."

"Unanijibu? Unanijibu mimi? Basi nusa! Nusa ujue tofauti!"

Akalikamata lile shuka, akalifanya fundo, akamrushia usoni.

Shuka lilifunguka hewani likamfunika kichwa kizima, na upande wa majimaji ndio uliompata machoni na mdomoni. Alipolivua, alama ilikuwa imemchora kutoka kwenye nyusi mpaka kidevuni. Alibana midomo, akatikisa kichwa kama mtu anayekataa jambo, kisha akatapika juu ya meza. Fundi mashine, mwanamume mnene aliyekuwa karibu, alicheka kidogo, kicheko cha woga, akanyamaza. Mashine moja ilikuwa ikizunguka peke yake.

Pasi aliyatazama yale matapishi yakijikokota kuelekea ukingo wa meza. Hisia ya kwanza iliyompata haikuwa huruma. Ilikuwa kinyaa. Alitaka mtu ayafute upesi.

Kwa kuwa damu ilikuwa imeingia machoni, hospitali walimwandikia Njiti dawa za kukinga maambukizi, ameze kila siku kwa mwezi mzima. Vipimo baadaye vilitoka vizuri, lakini zile dawa zilimvuruga tumbo. Kila asubuhi Pasi akiwa anagawa kazi, alimsikia ng'ambo ya ukuta, chooni, akijikamua mpaka nyongo. Alikuwa akiongeza sauti ili asisikie.

Meneja alimwita Pasi. Alikuwa mwanamume nadhifu ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba cha kufulia. Akiwa na neno alisimama mlangoni, kitambaa puani.

"Mimi sitaki kesi hapa," alimwambia. "Kuna mwalimu anafundisha watu kuzuia hasira na kukabili shinikizo la kazi. Utakwenda kwake, au utakwenda nyumbani moja kwa moja. Chagua."

Pasi akachagua mwalimu, kwa shingo upande.

Ofisi ya mwalimu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Alimkuta mzee wa makamo, mwenye ndevu nyingi na sauti ya upole, akimenya mayai ya kuchemsha juu ya gazeti. Chumba kizima kilinuka mayai. Vipande vya maganda vilikuwa vimetapakaa hadi kwenye kiti cha mgeni, na kiini cha njano kilikuwa kimemnasa kwenye ndevu, karibu na mdomo, kikipanda na kushuka kila alipotafuna.

"Karibu dada, kaa. Utakula yai?"

"Sili."

"Haya. Niambie, hasira yako huwa inaanzia wapi?"

"Kwa wajinga."

Mwalimu alicheka, na punje ya kiini ikaruka kutoka mdomoni mwake ikatua mezani, mbele kabisa ya mkono wa Pasi. Pasi akaitazama. Ilikuwa na umajimaji.

"Hapo," mwalimu akasema, amekwisha acha kucheka. "Uso wako umebadilika. Umehisi nini sasa hivi, mwilini?"

Alitaka kumwambia hajahisi chochote. Lakini kazi yake ilikuwa mashakani. "Pua imejifunga," alisema. "Kisha koo limebana. Kisha taya."

"Kisha?"

"Kisha nimetaka kukuzaba kofi."

"Asante. Wengi wanaokaa kwenye hicho kiti huniambia wanahisi mambo ya moyoni. Wewe umenipa ramani." Akajifuta mdomo kwa kiganja, akakipangusa kiganja kwenye suruali. "Kuna wanaoanzia kifuani, kuna wanaoanzia kwenye ngumi. Wewe unaanzia puani. Ikiwa bado puani, ni ndogo, unaweza kuishika. Ikifika kwenye taya, yenyewe ndiyo inayokushika."

Akamfundisha kutoa pumzi taratibu, ndefu kuliko aliyoivuta. Akamfundisha kukandamiza visigino sakafuni mpaka auhisi uzito wake mwenyewe. Halafu aseme ameona nini, kimemfanya ajisikieje, na anaomba nini. Asitukane wala asifukue ya mwaka jana. Walirudia kama watoto wanaofundishwa kuandika herufi. Mwalimu alijifanya mfanyakazi mzembe, Pasi akamwomba arekebishe kazi. Akikosea wanaanza upya, huku harufu ya mayai ikimkaa kwenye nguo. Alitoka pale akijifuta mikono kwenye sketi. Alijisemea kuwa ule ni upuuzi, na mwalimu mwenyewe ni mchafu.

Lakini nyumbani alikuwa na uwanja wa kujaribia. Mdogo wa mumewe alikuja kukaa kwao siku chache akitafuta kazi, na hizo siku chache zilikuwa zimeota mizizi. Kila asubuhi shemeji alianza kukohoa akiwa bado kitandani. Alilivuta kohozi kana kwamba linatoka kwenye unyayo, akatembea nalo mdomoni mpaka jikoni, akalitema kwenye sinki, palepale vikombe vinapooshewa. Maji hafungulii. Linabaki pale, zito, likiteleza polepole kuelekea kwenye tundu.

Asubuhi moja Pasi alisimama mlangoni, akatoa pumzi, akakandamiza visigino.

"Shemeji. Umetema kwenye sinki. Inanichefua. Naomba uwe unatemea chooni."

Shemeji akamgeukia, macho yanacheka. "Mh! Siku hizi unasoma taarifa ya habari?" Na kwa mzaha akavuta lingine, akalitema juu ya lile la kwanza.

Taya zikabana. Pasi alinyoosha mkono akauchukua mswaki wa shemeji kwenye bilauri yake, akaliparua lile kohozi mbele ya macho yake, akaukung'uta mara moja, akaurudisha ndani ya bilauri.

"Haya," akasema. "Piga mswaki."

Mumewe alikuwa mezani na chai yake. Aliisukuma pembeni. "Hicho ndicho mnachofundishwa huko?" aliuliza. Hakupandisha sauti. Alimtazama mkewe juu mpaka chini, na Pasi akaitambua ile sura, kwa sababu ilikuwa yake. Ndivyo alivyokuwa anayatazama mashuka ya hospitali.

Alipokwenda tena kwa mwalimu alimsimulia yote, hata mswaki. Hakuwa na hamu ya kujisafisha.

"Maneno yalikuwa sawa," mwalimu alisema. "Na uso ulisemaje?"

"Uso ulikuwa umeshamtemea yeye."

"Na hilo jambo umelibeba tangu lini?"

"Tangu alipoingia na begi lake."

"Basi hukuomba. Ulimwaga ndoo iliyojaa. Sasa dada, wewe ulijifunza kukunja shuka kubwa kwa siku moja? Huu nao ni ujuzi. Jaribu mapema, kabla ndoo haijajaa." Akavunja yai kwenye ukingo wa meza, akaanza kulimenya.

Pasi aliona pua yake ikijifunga. Safari hii aliiona kweli, kama mtu anayeona mlango ukisukumwa. Akatoa pumzi. Visigino vikashika sakafu.

"Mwalimu," alisema. "Kila nikija unakula mayai. Harufu inanikaba, hata sikusikii unachosema. Naomba uwe unakula kabla sijafika."

Mikono ya mwalimu ikasimama. Uso ulimshuka. Alilifunika yai na maganda yake kwa gazeti, akatoka, na Pasi akasikia bomba likifunguliwa, mtu akisukutua mdomo, akisukutua tena. Alirudi ndevu zinadondosha maji.

"Mke wangu ndiye alikuwa ananiambia," alisema. "Tangu afariki, wote mnavumilia tu." Akakaa. Ilimchukua muda kupata tena sauti ya kazi. "Umeona, lakini? Mimi sijafa, na wewe hujanizaba kofi."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Pasi kumwambia mtu kitu kinachomchukiza, na mtu akabaki mtu. Alitaka kucheka, ila hakujua kama inafaa.

"Turudi kwenye lile shuka," mwalimu akasema. "Binti alikwambia nini kabla hujamrushia?"

"Kwamba mifuko inafanana."

"Inafanana?"

"Inafanana. Zamani ya hospitali ilikuwa myekundu, na tulikuwa na glavu nene. Meneja akasema ni anasa, akaviondoa." Alisita. Mate yalikuwa yamemjaa mdomoni. "Mimi ndiye niliyepewa taarifa, niwapelekee wenzangu. Nikamjibu sawa bosi. Nikamchekea, mwalimu. Hata meno nilimwonyesha."

Alilikumbuka lile tabasamu, jinsi alivyolivuta mpaka kwenye masikio, na tumbo likampanda kuliko lilivyowahi kumpanda kwa uvundo wowote. Kwa meneja alikuwa amecheka. Damu alimrushia binti asiyejibu. Mwalimu alimsogezea kopo la taka, endapo angelihitaji.

Haikupita wiki, fundi mashine alifungua mfuko akapiga ukelele na kuruka nyuma. Kwenye mkono wa gauni la mgonjwa ilikuwa inaning'inia sindano iliyotumika, na mrija wake bado una damu. Ilimkosa kiganja kwa unywele. Chini yake kulikuwa na bandeji iliyogandamana na kitu chembamba, cha kijivu, ambacho kilikuwa ngozi ya mtu. Tako la mfuko lilikuwa limelowa, linachuruzika juu ya viatu vyake.

Watu wote wakamgeukia Pasi. Walikuwa wanangoja kuungua. Njiti, penye meza ya kukunjia, alikuwa amekwisha inua mkono mbele ya uso, bila hata kujijua.

Ule mkono Pasi aliuona. Pua ikajifunga, koo likafuata. Akarudi nyuma hatua, akatoa pumzi mpaka ikaisha, akakanyaga ile sakafu yenye maji.

"Zimeni mashine," alisema. "Zote. Na mtu asiguse mfuko wowote."

Chumbani kukawa na kimya ambacho hakuna aliyewahi kukisikia humo. Kimya hicho ndicho kilichomleta meneja, mbiombio, mpaka mlangoni. Kitambaa puani.

"Kuna nini? Nani kazima mashine?"

"Mimi, bosi. Kwenye mfuko huu kuna sindano iliyotumika, na tunafungua mifuko kwa mikono mitupu. Naogopa mtu ataumia. Naomba glavu nene, na mifuko ya hospitali irudishiwe rangi yake. Mashine hatuwashi mpaka vije."

"Wewe si ulipelekwa kwa mwalimu ili utulie?"

"Nimetulia, bosi. Ndiyo maana nasema polepole."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kuficha kicheko.

"Hoteli zinasubiri mashuka yao! Kwa kitu kidogo namna hii?"

"Kama ni kidogo, karibu ndani. Fungua mfuko mmoja tu, nasi tutaendelea."

Meneja aliutazama ule mfuko unaochuruzika, akaitazama bandeji. Mabega yakamtikisika, akakikaza kitambaa, akameza kwa shida. Kisha akawatazama wafanyakazi, mmoja baada ya mwingine, na sura yake haikubadilika hata kidogo. Aliwatazama kana kwamba nao wametoka kwenye mfuko uleule.

Hilo ndilo lililokaribia kumshinda Pasi. Akilini aliuona mkono wake ukikinyakua kile kitambaa na kumsokomeza nacho mdomoni. Aliuona waziwazi, na wazo lilikuwa tamu. Taya zikabana. Akatoa pumzi nyingine, na nyingine. Vidole vikalegea.

"Tutakusubiri hapahapa, bosi," alisema.

Njiti akaacha meza yake akaja kusimama upande aliokuwa Pasi. Hakumkaribia; kati yao ungeweza kuegesha toroli. Lakini alisimama. Fundi mashine naye akaja, na wengine wakafuata. Meneja aligeuka akapanda ngazi.

Glavu zililetwa alasiri hiyohiyo, na mifuko myekundu siku chache baadaye. Meneja aliwaambia wakubwa wake kwamba ni yeye aliyebuni, na kwamba ule mpango wake wa mafunzo umezaa matunda. Pasi alipoyasikia alitema mate kwenye kopo la taka, akaendelea na kazi.

Nyumbani mambo yalikwenda kwa kuchechemea. Alimnunulia shemeji mswaki mpya, akamwomba radhi kwa ule wa zamani, na jioni moja tulivu, kabla koo la mtu halijachafuka, akamwomba tena habari ya sinki. Shemeji alinuna. Tangu hapo akawa anatemea nje, chini ya dirisha la chumba cha kulala. Pasi akamwambia mumewe kwamba hilo atalizungumza yeye, kwa kuwa ni mdogo wake. Mume aliinamia chai yake, akasema sawa.

Lililobaki ndilo alilokuwa akilikwepa. Njiti alimaliza dawa, rangi ikaanza kumrudi usoni. Siku moja wakati wa chakula cha mchana Pasi alimfuata kwenye ngazi za nyuma, mahali wanapopumzikia. Njiti alikuwa na bakuli lake mapajani, bado limefunikwa.

"Naweza kusema nawe kidogo?"

"Sema."

Pasi alikaa ngazi ya chini yake. "Nilikurushia usoni shuka lenye damu. Ukatapika mbele ya watu. Umekula dawa mwezi mzima kwa sababu yangu. Nilijua mifuko inafanana na nilijua ni nani aliyeiondolea rangi, nikakuonea wewe kwa sababu wewe hujibu. Naomba radhi."

Neno "lakini" lilimfika kwenye ncha ya ulimi, na nyuma yake uchovu wake wote, joto la kile chumba, kinyaa chake cha tangu utotoni. Akalimeza.

"Unajua ladha yake?" Njiti aliuliza.

"Hapana."

"Ngoja nikwambie."

Akamwambia. Kwamba damu ilikuwa ya chumvi, na ule utelezi ulikuwa na uchachu, tena una mchanga ndani yake. Kwamba siku ile alisugua ulimi kwa kitambaa cha kuoshea vyombo mpaka ukatoka damu yake mwenyewe. Kwamba mwanawe alikuwa akimkimbilia jioni ampige busu, naye akimsukuma kwa mkono kwa kuogopa kumwambukiza, mpaka mtoto akaacha kukimbilia. Kwamba hata sasa, akikunja shuka safi kabisa, lina joto la pasi, kuna wakati ile ladha inarudi.

Pasi alitaka kuziba masikio. Kila sehemu ya mwili wake ilitaka kuinuka iende kunawa. Alikandamiza visigino kwenye saruji, akasikiliza mpaka mwisho.

"Sijakusamehe, dada," Njiti alisema.

"Nimesikia."

"Pengine sitakusamehe."

"Sawa."

"Na yule fundi mashine aliyecheka, naye sijamsahau."

"Nitamwambia aje mwenyewe."

Njiti alifunua bakuli lake, akaligeuzia pembeni, mbali na Pasi. "Asije nikiwa nakula," alisema.

Pasi akainuka, akaenda kumtafuta fundi mashine.